Viti Sita vya Tanga

Simu ya Chalinze ilinikuta natoa kopi za mitihani ya darasa la nne. Mashine yangu ikishaanza kazi humsikii hata aliye mbele yako, kwa hiyo nilitoka barazani, sikio moja nimeliziba kwa kidole.

"Dada, nimeiona orodha," sauti ikasema baada ya salamu. "Chalinze hatumo."

"Kweli, mwenzangu. Safari hii hamumo."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Nyuma yake nilisikia honi ya lori, na mtu akiagiza wali maharage. Mwanamke huyu nilikuwa sijawahi kumtia machoni. Nilichojua ni kwamba ana kibanda cha chakula pale malori yanaposimama, na kwamba ndiye anayekiongoza kikundi chetu cha Chalinze. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kusema kwa nguvu ili asikike, ambaye siku hiyo alikuwa anajizuia.

Sisi tulikuwa watu wa kujitolea. Kazi yetu ilikuwa kurekodi wazee kwa simu zetu wenyewe: nyimbo za kutwangia, hadithi, majina ya miti ambayo watoto wetu wanaiita miti tu. Sauti hizo tulizipandisha mtandaoni, mahali ambapo yeyote angeweza kuzisikia bure. Hakuna aliyelipwa. Mara moja kwa mwaka vikundi vya pande zote hukutana, na mwaka ule ilikuwa zamu ya Tanga. Wafadhili walikubali kugharamia nauli na malazi ya watu sita kutoka upande wetu, wagawane Bagamoyo mjini, Kaole, Mbegani na Chalinze.

Kazi ya kuvigawa viti hivyo sita tulipewa sisi watatu. Mimi nilichaguliwa kwa kuwa nina duka la vifaa vya ofisi, watu wakadhani najua makaratasi. Wa pili alikuwa fundi wa injini za boti kutoka Mbegani. Wa tatu, Mhindi mmoja muuza vitambaa, ambaye kwao wamezikana hapa Bagamoyo vizazi na vizazi, na ambaye kwa kujitolea alitushinda sote. Miaka ya nyuma mgao ulikuwa ugomvi mtupu. Huyu kampeleka binti wa shangazi yake, yule kampeleka jirani. Ndipo muuza vitambaa akasema tuhesabu rekodi. Kikundi chenye rekodi nyingi kipate viti vingi, basi.

"Hesabu haina shangazi," alisema.

Niliipenda sana kauli ile. Tuliketi dukani kwangu, tukahesabu. Bagamoyo mjini tulipata viti vitatu, Kaole viwili, Mbegani kimoja. Chalinze walikuwa na rekodi tisa tu. Kimoja kati ya vile vitatu vya mjini kilikuwa changu, na sikuona ajabu yoyote, maana nilikuwa nimefanya kazi.

"Dada," yule mama akasema kwenye simu, "mimi sililii kiti changu. Namlilia mama."

Akanieleza. Mama yake alikuwa anaishi kijijini, ndani kabisa kutoka barabara kuu. Unakwenda kwa bodaboda halafu unamalizia kwa miguu. Alikuwa anajua vilio, zile nyimbo ambazo wanawake wa Kikwere wa huko kwao walikuwa wakiimba msibani zamani. Siku hizi matanga yetu ni khitma na pilau, na vilio vile vimeondoka na waliovijua. Bibi huyu alikuwa navyo kichwani vingi, na hakuna aliyevirekodi, kwa sababu alikataa katakata kuiimbia simu.

"Anasema kilio hakiimbwi na mtu mmoja ndani ya nyumba isiyo na maiti. Ukikiimba hivyo, unauita msiba. Lakini kwenye watu wengi, mchana, watu wanaojua kwamba wanajifunza tu, ataimba. Nimemwambia Tanga watu watajaa ukumbi. Kakubali. Kashashona na gauni."

Nilimwonea huruma, tena kwa dhati. Lakini nilikuwa na kauli yangu ile niliyoipenda, na niliona nikimfungulia mlango yeye nitakuwa nimemfungulia na shangazi wa kila mtu. Nikamwambia kwa upole, upole wa mtu anayedhani anatoa hisani:

"Sikiliza, dada yangu. Mna tisa. Mkifikisha ishirini kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, tutaifungua orodha upya. Nitawapa viti viwili, nitavitafuta mwenyewe."

"Ishirini? Leo Jumatatu."

"Ndiyo utaratibu. Ni sawa kwa wote."

"Haya," akasema. "Nimesikia."

Juma lile rekodi za Chalinze zilikuja kama mvua ya vuli, mbili leo, nne kesho. Mzee anayetaja dawa za tumbo. Mama anayembembeleza mjukuu, na mjukuu mwenyewe analia kweli. Mchunga mbuzi. Kwenye moja, honi za malori zimeifunika sauti ya msimuliaji mpaka hujui anasimulia nini. Ijumaa saa kumi walikuwa na kumi na nane. Nikafunga.

Mbili zilizobaki ziliingia Jumamosi asubuhi. Yule mama aliandika kwamba mtandao wa Chalinze ulikufa Ijumaa kutwa nzima. Nikawapigia wenzangu. Fundi wa Mbegani akasema tukiwafungulia hawa kwa saa chache, Kaole nao watakuja na la kwao. Muuza vitambaa akasita, akasema, "Wewe unaonaje, dada?" Nikasema naona sheria ni sheria. Kisha nikaandika kwenye kundi letu la simu: Ahsanteni sana ndugu zetu wa Chalinze kwa juhudi kubwa. Kwa bahati mbaya muda umepita. Inshallah mwakani. Nikaweka na picha ya ua.

Alijibu maneno mawili. "Sawa, dada." Rekodi zile mbili sikuzifungua kuzisikiliza.

Tulikwenda Tanga. Mtu akitoka Bagamoyo lazima apite Msata, na pale Msata barabara yetu inaikuta barabara kuu: kulia Tanga, kushoto Chalinze, si mbali. Basi lilisimama pale, abiria wakanunua machungwa na mayai. Nilikuwa dirishani. Ndipo nilipotambua, kwa mara ya kwanza, kwamba Chalinze wako karibu na Tanga kuliko sisi, na nauli yao ingekuwa ndogo kuliko yetu. Jambo hilo lilikuwa wazi kwa mtu yeyote aliyewahi kupanda basi, na sisi watatu tulikaa na kalamu na karatasi na hatukuliona. Nilinunua machungwa. Nakumbuka sikuyala.

Mwenzetu mmoja wa mjini, mwanamke mwenye rekodi nyingi kuliko sisi wote, alishuka Tanga akaenda moja kwa moja kwa dada yake kulikokuwa na harusi. Tulimwona tena siku ya kurudi, hina mpaka viwikoni. Siku zote mbili kiti chake ukumbini kilikuwa kitupu, kadi ya jina lake imewekwa juu ya meza.

Siku ya pili, baada ya chai, mwendesha mkutano alishika ratiba akasoma kwa sauti ya furaha: "Na sasa kitu ambacho wengi wetu tumekisubiri. Vilio vya Wakwere, kutoka Chalinze."

Sijui nani alikuwa ameliingiza jambo hilo. Pengine majina yalipelekwa mapema, kabla hatujagawa viti, na hakuna aliyekumbuka kuyatoa. Watu wakapiga makofi. Makofi yakaisha. Hakuna aliyesimama.

"Chalinze?" akaita. "Chalinze wako wapi? Hawajafika?"

Vichwa viligeuka kutazama mlangoni. Na mimi niligeuka, Mungu anisamehe, nikatazama mlango kama mtu asiyejua. Mlango ulikuwa wazi, jua la saa tano limetandika mkeka sakafuni, na hapakuwa na mtu. Lakini wote tuliendelea kuutazama kwa muda ule ambao watu humpa mtu mzima anayetembea polepole. Mwendesha mkutano akasema, "Haya, wakifika tutawarudia," akaendelea na mengine.

Haukupita mwezi. Ujumbe wa yule mama wa Chalinze ulikuja kwenye kundi asubuhi: mama yangu mzazi ametangulia mbele ya haki, mazishi leo alasiri. Tukaandika inna lillahi, mmoja baada ya mwingine, mstari mrefu wa inna lillahi. Nilituma rambirambi kwa simu. Sikwenda. Nilijiambia nina kazi za shule za kuchapa, na ni kweli nilikuwa nazo.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kuandika maelezo ya kila rekodi: nani anasema, anasema nini, kwa lugha gani. Nikiwa katika kazi hiyo, juma lililofuata, nikazifikia zile mbili za Jumamosi. Ilikuwa kama saa nne asubuhi, duka halina mteja. Nikavaa visikilizio. Ya kwanza ilikuwa ya mtu anayeeleza mtego wa ndege. Nikafungua ya pili.

Mwanzoni kuku tu. Halafu sauti ya yule mama wa kibanda, ya chini, tofauti na ninayoijua: "Imba, mama. Hii ndiyo nauli yenyewe."

Na sauti kavu ya mtu mzima ikajibu kwa Kikwere chao, ambacho mimi nakielewa nusu kwa kuwa bibi yangu mzaa mama alikuwa wa huko. "Nikiimba, watatupa gari?"

"Watatupa."

"Mlango uufungue basi. Nisiimbie ndani."

Mlango ukalia. Kisha akaimba. Siwezi kueleza ule wimbo. Haukuwa wa kelele, si kilio cha kujipiga kifua. Ulikuwa kama mtu anayemwita mwenziwe aliyetangulia njiani, anamwita bila haraka, akijua hatageuka. Aliimba beti chache, akakatisha katikati ya neno.

"Wangapi wananisikia?" akauliza.

"Mimi tu, mama."

Kuku tena. Muda mrefu. Kisha rekodi ikaisha.

Nilikaa. Mteja aliingia kutaka bahasha, nikampa kalamu. Nikaisikiliza tena, na kesho yake tena, na sikuandika maelezo yoyote. Baada ya siku kadhaa jirani yangu anayeuza mikate alisimama mlangoni akaniuliza, "Shoga, kwenu kuna msiba?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Sasa unamlilia nani?"

Nilikuwa naimba. Nilikuwa nabana karatasi kwa pini na ule wimbo unatoka kinywani mwangu, maneno ambayo nusu yake siyajui, mpaka pale alipokatisha, nami nakatisha pale pale. Tangu siku ile nimejikamata mara nyingi. Nikiosha vyombo, nikimsubiri mteja ahesabu kurasa zake. Mume wangu alistahimili, halafu siku moja akasema bila kunitazama usoni, "Mama, huo wimbo mimi unanitisha. Uache." Nikasema nimeuacha. Hauachwi. Hauji nikiuita, huja nikiwa nimejisahau, na siku zote unaishia kwenye neno lile nusu, na baada yake nasikia swali. Wangapi wananisikia?

Ndipo nikapanda gari kwenda Chalinze.

Kibanda chake sikukihangaikia, kila mtu anamjua. Alikuwa mnene kuliko nilivyodhani, mdogo wangu kwa miaka michache, anapakua wali huku anajibizana na utingo juu ya chenji. Nilipojitaja alinitazama kidogo, akanisogezea stuli.

"Pole na msiba, dada," nikasema.

"Nishapoa. Karibu."

Nilingoja wateja wapungue. Kisha nikamwambia kila kitu, hata la wimbo. Nikamwambia naona sisi ndio tuliomlazimisha mama yake aimbe peke yake, kinyume cha alivyoamini, na kwamba tangu hapo sina raha. Naona nililia. Yeye hakulia. Alifunika sufuria, akafuta mikono.

"Mama alikuwa na presha miaka mingi," akasema. "Akijisikia vibaya anakunywa dawa, akijisikia vizuri anaziacha. Kafa kwa presha. Wewe usijipe ukubwa huo, dada. Hukumuua mama yangu."

Nilishusha pumzi. Akaniona nilivyoishusha.

"Lakini usipumue haraka," akasema. "Ile Ijumaa nilikuja naye hapa. Nilimwambia tukishatimiza ishirini tunaondoka, asirudi tena kijijini kuhangaika. Akavaa lile gauni. Alikaa kwenye benchi hiyo tangu asubuhi hadi alasiri, mtandao hakuna. Kila dereva aliyekuja kula anamwambia, mimi nakwenda Tanga kuimba. Wengine wakamcheka, wengine wakampa soda. Jumamosi nikasoma ujumbe wako, nikamwambia gari limejaa."

"Alisemaje?"

"Alisema basi tungeambiwa mapema."

Lori liliingia, vumbi likatufunika. Alingoja litulie.

"Nauli ile ilikuwa haki yetu," akasema. "Sisi tuna vijiji vilivyotawanyika, mtandao wa kubahatisha, na hapa mimi nawasha moto alfajiri. Rekodi zetu tisa ni kazi kubwa kuliko mia zenu za mjini. Omba radhi kwa hilo. La kufa mwachie Mungu."

Nikaomba radhi kwa hilo. Ilikuwa ngumu kuliko ile niliyokuja nayo, maana ile ya kifo ilikuwa kubwa na ilinifanya nami niwe mkubwa ndani yake, na hii ilikuwa ndogo na yangu peke yangu. Akasema, "Haya." Akanipakulia wali. Nilipotoa pesa alizipokea.

Nilimuuliza kuhusu rekodi, kama anataka tuiondoe.

"Msiitoe. Kaimba ili isikike. Ila isichezwe kwa mtu mmoja. Mkiwa wengi, ndiyo."

Niliitisha kikao. Hatukuwa watatu tu, niliwaita na watu wa Kaole na wengine wa mjini, tukajaa dukani, wengine barazani. Niliicheza mbele ya wote. Fundi wa Mbegani akavua kofia. Kisha nikatoa pendekezo langu: kila kikundi kipate kiti kimoja kwanza, kabla ya hesabu yoyote. Vinavyobaki viende kwa wenye haja maalumu na wasiowahi kusafiri. Aliyekwenda mwaka huu asirudi mwakani. Na muda wa mwisho usiwe siku ambayo mtandao ukikatika mtu hana pa kujitetea.

Muuza vitambaa alikataa. Macho yalikuwa mekundu lakini alikataa.

"Wimbo ni wimbo, dada, na nimeguswa. Lakini mchapakazi na mvivu watakuwa sawa?"

"Mvivu nani?" fundi akauliza. "Mtaje."

"Sina mtu wa kumtaja. Nasema kanuni."

"Na yule aliyekwenda kupakwa hina, alikuwa na rekodi ngapi?"

Tulipiga kura, pendekezo likapita. Mwezi mzima muuza vitambaa hakuja dukani kwangu, karatasi zake alikwenda kuzitoa kwingine. Kisha akarudi, akaendelea na kazi kama zamani. Mpaka leo anaamini hesabu ilikuwa sahihi, na hunipunguzia kidogo mzigo mgongoni kuona kwamba mtu mwema anaweza kuamini hivyo.

Mwaka uliofuata kiti cha kwanza kilikwenda Chalinze. Nilimpigia yule mama kumpa habari, akasema hakitaki. "Mimi sina tena wa kumpeleka." Alimtuma fundi wa pancha wa kikundi chake, akaenda, akarudi, akalalamika kwamba samaki walikuwa na chumvi. Ile rekodi ya kilio nimeiandikia maelezo hatimaye. Pale kwenye idadi ya wasikilizaji wakati wa kurekodi niliandika: mmoja.

Bado niko kwenye kamati. Niliomba kutoka, hawakunitoa. Kila mwaka kabla orodha haijatangazwa nampigia simu yule mama wa Chalinze, namsomea majina. Si kanuni, hakuna aliyeniagiza. Ananisikiliza huku sufuria zinagongana, na akisema "haya" naipeleka. Mwaka jana hakusema. Alisema, "Hebu rudia la tatu." Nikalirudia. Lilikuwa jina la mtu wa mjini hapa, rafiki yangu, hodari kabisa, niliyekuwa nimempitisha kwa sababu ambazo nilizipanga vizuri sana kichwani.

"Mbona kama naye alikwenda safari iliyopita?" akauliza.

Nikasema ngoja nitazame daftari. Alishakata simu, alikuwa na wateja.